Siku Waliyonililia Mimi Badala Yako

Athieno,

Usijifanye umelala. Nakujua mimi. Hata ulipokuwa hai, ukisikia sauti yangu inakuja na hasira ulikuwa unajifunika shuka mpaka kichwani, lakini vidole vya miguu vinabaki nje vinacheza. Sasa umefunikwa vizuri zaidi, ila leo utanisikiliza mpaka mwisho.

Naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Wajukuu walisema, "Kukhu, wewe sema, sisi tuandike." Nikawafukuza. Shule niliishia darasa la tatu, sawa, lakini herufi walizonipa bado ninazo, sijamrudishia mtu. Na naandika Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha tuliyogombania. Ulikuja hapa Dabani kutoka kwenu Kirewa hujui Kisamia hata cha kuombea maji, na mimi Kiadhola chenu kilikuwa kinanipita masikioni kama upepo. Mume wetu akatuacha tuhangaike wenyewe. Tukaokota hiki cha sokoni, cha watu wa mpakani, tukatukaniana ndani yake miaka na miaka mpaka siku moja nikashtuka kwamba nakungoja mpaka chai inapoa. Basi usinitafutie makosa. Kichukue kilivyo.

Habari ni hii: picha yako, ile ya sinema, imekuja.

Yule msichana wa kamera, Apio wa Tororo, aliyekufuata msimu mzima wa karanga kama ndama anavyofuata ng'ombe. Mimi nilikuambia harudi huyo. Watu wa kamera wakishakupiga picha wanakwenda nayo, wewe unabaki na vumbi la gari. Alikuahidi kwamba watu wa kwanza kuiona watakuwa wa nyumbani kwako, ndani ya nyumba yako, kabla ya mtu mwingine yeyote. Amerudi. Nimekosea. Haya, cheka.

Lakini siwezi kukuambia ya picha kabla sijakuambia ulivyozikwa, maana wewe ulikuwa ndani ya sanduku, hukuona.

Ulizikwa vibaya, mdogo wangu.

Chakula kilikuwepo. Hema lilikuwepo, viti vya plastiki vyeupe, maua ya dukani. Ila wewe uliyewalilia wafu wa nchi hii yote, wewe ambaye watu wa ng'ambo ya Kenya walikuwa wanavuka mpaka kuja kukuita mtu wao akifa, wewe ulishuka kaburini bila wimbo hata mmoja wa kilio. Palikuwa na emsii, kijana wa mjini mwenye viatu vya kuchongoka, ameshika programu. "Sasa tumkaribishe mwakilishi wa majirani. Dakika mbili tu." Mwakilishi! Jirani analia kwa kuwakilishwa? Kila aliyesimama akasema ulikuwa mama mwema, mcha Mungu, mwenye upendo. Nikajiuliza ni nani wanayemzika.

Ni Barasa alipanga. Mwanao, ndiyo, nani tena. Alikuwa ameapa tangu ile siku ya kumzika mzee wa kanisa lao, yule tajiri aliyefunga njia ya kisima kwa seng'enge. Unakumbuka. Barasa ameketi pale mbele hemani na tai yake, karibu na wakubwa, na wewe ukasimama juu ya kaburi la watu ukaimba, "Nani sasa atatufungulia njia ya maji, mwenye njia amelala?" Watu wakalia huku mabega yanatikisika kwa kicheko. Barasa akaangalia viatu vyake mpaka mazishi yakaisha. Jioni akaja kusimama mlangoni kwako akasema nyimbo hizo ni za ushenzi, na kwamba hata siku yako wewe hataki kuzisikia. Ukamjibu, "Siku yangu mimi sitakuwepo, mtakubaliana wenyewe."

Basi hatukukubaliana. Sanduku lilipoanza kushuka nilisimama. Mimi siyo mwimbaji, Mungu anajua. Maisha yote wewe uliongoza, mimi nikaitikia: "Ndivyo alivyokuwa." Hiyo tu ndiyo kazi yangu. Lakini nilifungua mdomo. Barasa akanitazama, akamtazama mwenye spika, akainua kidole. Yule mtu akapandisha muziki wa kwaya wa kwenye simu mpaka ardhi ikatetemeka. Nilishindana na ile spika, Athieno. Nilipiga kelele mpaka meno ya uongo yakalegea. Mdomo ulikuwa wazi na hakuna aliyenisikia, hata mimi mwenyewe sikujisikia. Wakafukia.

Tangu siku hiyo sikumsemesha Barasa. Akija kunisalimia, mimi nasalimia kuku. "Mama Mkubwa, umeamkaje?" Namwambia jogoo, "Nimeamka, baba, na wewe?" Akaniletea sukari, nikaiacha kizingitini mpaka sisimizi wakamaliza. Nilimlea mtoto yule, nilimwogesha, na sikumpa neno. Unanijua nikikataa.

Halafu Apio akapiga simu kwamba picha iko tayari. Barasa akasikia. Akaja na uso wa ofisini, ule anaowafanyia madereva wa malori pale mpakani anapowashughulikia karatasi zao. "Mama Mkubwa, hiyo picha haitaonyeshwa kwenye boma hili." Hapo nilimjibu, kwa mara ya kwanza. Nilimwambia nyumba hii matofali yake tulibeba kichwani mimi na mama yako, wewe ukiwa mchanga mgongoni, kwa hiyo nenda ukakataze picha kwenye malori yako. Akasema, "Utaniaibisha tena." Nikasema, "Nenda kazini, mjinga wewe, utachelewa."

Akaenda. Apio akaja mchana uleule.

Tulifunga madirisha ya sebule yako kwa mablanketi ili giza liingie. Joto! Watu wakajaa: wanawake wa kikundi chako cha karanga, wajukuu, yule kiziwi wa jirani ambaye haachi kitu kimpite. Shuka la ukutani lilikuwa langu, lile jeupe la Krismasi, nililifua mara mbili usije ukaonekana na madoa. Stima ilikuwa imepotea kama kawaida yake, kwa hiyo jenereta ikawekwa nyuma ya choo, inanguruma kama fahali mwenye kikohozi. Apio akasema lazima spika ziwe kubwa ili kuishinda. Alikuwa amezikodi Busia mjini pamoja na mwenye kuziendesha. Yule mtu anashusha mzigo, nikamtazama, nikamtazama tena. Ni yeye. Yule yule wa kidole cha Barasa.

Nilimwendea na fimbo yangu. Nikamwambia, "Wewe. Siku ile ulinizima. Leo nataka sauti yote uliyozaliwa nayo na hizo mashine zako. Ukipunguza kidogo tu, hutaondoka na magoti yote." Akasema, "Sawa, mama, sawa." Akaweka spika moja ndani na nyingine mlangoni, imeangalia nje, kwa ajili ya waliokosa nafasi. Mungu ambariki na woga wake.

Basi ukatokea.

Kwanza nilikasirika. Kile kitambaa cha kichwa! Nilikuambia uvae kile cha bluu, ukavaa kile kilichotafunwa na ndama. Sasa kitabaki hivyo daima. Halafu nikaona mikono yako inamenya karanga ndani ya lile beseni la kijani, na hasira ikaenda sijui wapi. Mikono ilikuwa mikubwa kuliko dirisha. Nilikuwa nimesahau kile kidole kilichopinda.

Na mimi nikawemo pembeni, nimekaa kama gunia. Kumbe nimenenepa hivyo na hukuniambia.

Apio alikuwa amepata kile kilio cha Kiyeyi, cha fundi wa baiskeli. Alikuonyesha tangu habari ya kifo inafika mpaka wimbo unapotoka. Unajua mimi nilikaa karibu na kazi hiyo maisha yote na sikuwahi kuiona? Niliona unazurura tu. Nilikuwa nakugombeza, watu wana msiba na wewe unazunguka. Kumbe ndiyo ilikuwa kazi. Ukaonekana unakwenda sokoni, huendi kwa mjane. Unamtafuta fundi mwingine aliyechukiana na marehemu, unakaa kwenye benchi lake unamuuliza, "Kitu gani chake hutakililia?" Halafu unakwenda kwa mjane. Halafu unaomba kuingia pale alipofanyia kazi, unasimama tu, unaangalia juu. Baiskeli yake mwenyewe ilikuwa imening'inizwa kwenye boriti, imefungwa nailoni isishike vumbi. Alitengeneza za watu wote, yake hakumpa mtu hata kwenda kuita mkunga.

Halafu karanga. Unamenya na kunong'ona. Unasema mstari, unatikisa kichwa, unatupa ganda. "Alikuwa fundi hodari wa mikono" — hapana. "Ametuacha yatima" — hapana. Sauti ya Apio nyuma ya kamera ikakuuliza ubaya wa huo ni nini. Ukasema bila kuinua macho, "Huo hata mbuzi anaweza kuimbiwa." Sebule nzima ikaangua kicheko. Kiziwi akacheka baadaye kidogo, alipoona wengine. Apio akakuuliza tena kwa nini lazima utie kosa la mtu ndani ya wimbo, mbona usimwache apumzike. Ukafikiri. Ukamenya moja, ukaila. Ukasema, "Nikiimba mazuri peke yake, watu watadhani amekufa mtu mwingine."

Nilikumbuka lile hema, na wale wawakilishi, nikashika fimbo kwa nguvu.

Kisha tukawa Kiyeyi, makaburini, na wewe ukasimama. Ukanyamaza kwanza, kama ulivyozoea, mpaka watu waanze kuona aibu. Ndipo ukaachia ile sauti.

*Baiskeli imebaki juu ya paa, mwenyewe amekwenda kwa miguu.*

Athieno. Spika mbili. Sauti ilitoka ikavuka ua, ikavuka mihogo, ikaenda mpaka bondeni kwa watu wanaopalilia. Wanawake sebuleni wakasahau kwamba ni picha. Wakasimama, mikono kichwani, wakaanza kuitikia, "Ndivyo alivyokuwa!" Mmoja akajitupa chini. Mimi tu sikuitikia. Nilikaa nakutazama ukutani, natokwa na kamasi kama mtoto.

Sasa fikiria wewe uko bondeni na jembe lako. Hujaalikwa, hujui habari ya picha. Ni mchana. Unasikia kilio kinatoka kwenye boma letu, wimbo na waitikiaji, kitu kizima. Utafanya nini? Utafanya kila mtu anavyofanya hapa. Unatupa jembe, unachukua kuni za matanga, unakimbia. Na kwenye boma letu mzee aliyebaki ni nani?

Wa kwanza alikuwa Taaka, jirani wa chini. Nilisikia mzigo wa kuni unaanguka uani, puu, halafu jina langu, "Nabwire weee! Nabwire umetuacha!" Mimi nikageuka pale kwenye kiti kumuuliza jirani yangu ni Nabwire gani amekufa.

Halafu wakaja wengi. Kuni, majerikani ya maji, mtu na kuku wake. Vijana wa bodaboda na matawi kwenye pikipiki, wanapiga honi. Na walikuwa wameitambua sauti yako, hilo ndilo lililowatisha. Nilimsikia mwanaume mmoja dirishani, nyuma ya blanketi, anamwambia mwenzake, "Ni Athieno kweli, si unamsikia? Amekuja mwenyewe kumchukua mke mwenzake." Mwenzake akasema, "Hawa walikuwa hawaachani."

Ndani ni giza, hakuna aliyeniona. Ningeweza kusimama niwaambie. Sikusimama. Nikasema, hebu ngoja kwanza nisikie.

Nimejuta. Unajua waliniimbia nini? Mama mwenye huruma. Mama wa wote. Na Taaka, ambaye nimegombana naye juu ya mbuzi wake tangu mbuzi huyo hajazaliwa, akapaza sauti: "Amelala mpole wetu!"

Mpole! Mimi!

Nilivumilia huruma, nilivumilia mama wa wote. Mpole ilinitoa kwenye kiti. Nilitoka mlangoni na beseni lako la karanga kiunoni, nikasimama juani nikauliza, "Nani amesema mimi ni mpole?"

Ungekuwepo. Wallahi ungekufa tena. Taaka alirudi kinyumenyume akaangukia kuni zake mwenyewe. Bodaboda mmoja aliondoka na hajarudi mpaka leo. Mama Akinyi, yule muuza samaki wa upande wa Kenya, alikuwa amefunga kibanda, amevuka mpaka na furushi lake la omena kichwani na leso ya msiba kiunoni. Akanitazama kuanzia miguu kwenda juu. "Woi! Kwani si huyu ndiye amekufa?" Nikamwambia, "Nimekufa wapi? Weka omena chini, utaimwaga." Akasema, "Na vile nimelia kutoka pale barabarani! Machozi yangu mtanirudishia?"

Hapo ndipo ikaja pikipiki nyingine inapiga honi bila kupumzika. Barasa. Mtu alikuwa amempigia simu kazini. Tai imepinduka mgongoni, mguu mmoja una kiatu, mwingine hauna. Alishuka kabla pikipiki haijasimama. Alikuwa analia, Athieno, siyo kilio cha hemani cha kufuta jicho na kitambaa. Alikuwa analia kwa koo lote, mdomo wazi, kama tulivyokuwa tunalia sisi, na maneno yalikuwa yanatoka yenyewe:

"Mama Mkubwa weee! Nani ataniita mjinga tena?"

Watu wote wakamgeukia. Hata mimi. Boma zima lilikuwa limeniimbia uongo, na huyu mwenye tai, huyu aliyekataa, alikuja na kosa langu mdomoni tangu barabarani, bila beseni, bila karanga. Amekitoa wapi kitu hicho? Alikinyonya kwako, mwizi wewe, na hukusema.

Akaniona. Akakaa kwenye vumbi. Kisha akaelewa, akaiona spika, akawaona watu, na aibu ikapanda. Akasimama akasema, "Zima hicho kitu. Waambie waende kwao." Mwenye spika akanitazama mimi, akatazama magoti yake, akaiacha.

Nikamwambia Barasa, "Tazama chini." Akatazama. Kuni zilikuwa rundo. Na kwetu kuni zilizoletwa kwa kilio haziondoki na aliyezileta, hilo hata mtu wa tai analijua. Zikifika bomani lazima ziwake, na zikiwaka lazima mtu aliliwe. Nikasema, "Mimi sifi leo kwa ajili ya kuni. Lakini kwenye boma hili yuko mtu hajaliliwa. Umenililia vizuri mwanangu. Sasa mlilie mama yako."

Akasema, "Mama alizikwa." Nikasema, "Alifukiwa."

Picha ilikuwa imefika mwisho wakati huo, jenereta peke yake ndiyo inanguruma, halafu Apio akaenda akaizima. Watu wote hao, na kuni, na mimi katikati. Nikajua lazima niongoze. Na hapa nina ugomvi na wewe: kwa nini ulikufa kabla hujanifundisha kuongoza? Mtu anaitikia nusu ya maisha yake halafu anaachiwa uwanja!

Nikakaa kwenye kizingiti chako. Nikamenya karanga moja. Sikuwa na kitu. Nikamenya nyingine. Yalikuja maneno, "Ametutoka mwimbaji wetu," nikayatupa na ganda, hayo ni ya mbuzi. Nikakufuata wewe ulivyofanya Kiyeyi: nikajiuliza nani alichukiana na wewe. Nikainua macho, na Barasa alikuwa amesimama mbele yangu na mguu mmoja usio na kiatu, na nikamwona alivyokuwa utotoni.

Unajua alivyokuwa. Unajua, na tulikuwa hatulisemi. Wakati wewe unalilia watu Kirewa, unalilia watu Tororo, unalala kwenye matanga ya watu, mtoto huyu alikuwa anakaa pale njiani penye mchongoma anakungoja. Nikimwita ale, hali. Giza likiingia namburuta jikoni kwangu. Alikuwa ananiuliza, "Leo amekufa mama ya nani?" Siku moja aliniuliza kama mimi nikifa ndipo utakaa nyumbani.

Sauti yangu ilitoka kama ya bata. Sikujali. Niliimba:

*Athieno, uliwalilia watoto wa watu.*
*Wako alilala jikoni kwangu, anaingoja sauti yako.*

Hakuna aliyeitikia. Taaka aliziba mdomo. Uani kote hakuna aliyethubutu, wote wanamtazama Barasa. Nikaimba tena mstari uleule, maana sikuwa na mwingine. Nilisema moyoni, akinifukuza leo nitakwenda kukaa Kirewa kwenu na uzee huu, lakini sitaurudisha.

Akaitikia Barasa. Polepole, sauti imepasuka katikati: "Ndivyo alivyokuwa."

Nikaurudia. Akaitikia kwa nguvu zaidi, "Ndivyo alivyokuwa!" Na kichwa chake kikaanguka hapa mapajani kwangu, juu ya maganda, na hapo ndipo boma likafunguka. Athieno, walikulilia. Walikulilia mpaka kuku wakapanda miti. Mama Akinyi akaimba kosa lako la kushika-shika samaki bila kununua. Taaka akaimba ulivyokuwa unacheka mazishini nyuma ya leso. Hata yule mwenye spika akalia, ingawa hakukujua, alisema amekumbuka wake.

Kuni tuliziwasha. Tulipika posho, ule ugali wetu, na ile omena. Jua likiwa bado halijazama, Barasa alimwendea Apio akamuuliza kwa adabu kama anaweza kuianza tena kutoka mwanzo. Akakaa chini sakafuni mbele kabisa, kama mtoto, akakutazama unavyomenya. Ulipofika kwenye mbuzi, akacheka. Nilisikia kicheko chako ndani ya chake, nikatoka nje nikajifanya natafuta chumvi.

Usidhani amekuwa malaika. Kesho yake alikuja kuniambia kwamba ile ya njia ya kisima ulikosea, kwamba mzee yule alikuwa ameshaamua kuifungua. Tukagombana mpaka chai ikaisha. Lakini alikunywa kwangu, na sukari aliyoleta niliitia.

Ninayo habari nyingine ndogo. Kutoka Kiyeyi wamekuja kuniita. Amekufa mama mmoja mwenye mdomo kama wangu, na watoto wake hawataki emsii. Niliwaambia sauti yangu ni ya bata. Wakasema wamesikia. Nimeanza kuzunguka, jana nilimkuta jirani yake aliyegombana naye, nikakaa kwenye benchi lake. Miguu inauma. Sasa ndiyo najua ulikuwa unachoka, na mimi nilikuwa nakuita mzururaji. Sikuombi msamaha, nakuambia tu.

Basi nenda, mdogo wangu. Umeliliwa, huna tena sababu ya kukaa karibu na nyumba kunitisha kuku. Nakuahidi hivi: beseni lako sitaliweka maji ya kufulia. Mtu wa nchi hii akiniita, nitakwenda, na sitamwimbia wimbo wa mbuzi, awe tajiri, awe nani, aketi nani mbele na tai gani. Na Barasa nimemwapisha juu ya Biblia yake mwenyewe: siku yangu mimi, atakayesema mpole atolewe nje ya boma.

Usiniite haraka. Nina kazi.

Lala sasa. Jifunike. Lakini vidole vya miguu viache nje, nikija nikutambue.

Mimi,
Nabwire, Bi Mkubwa wako